Namna ya kuhifadhi historia ya uuguzi, kuanzia kofia iliyo kwenye mfuko wa mkate

Kofia ilikuwa ndani ya mfuko wa mkate, mfuko ndani ya sanduku la bati, sanduku chini ya kitanda, Temeke. Mwenyewe, mkunga mstaafu, aliitoa kwa ncha za vidole kama mtu anayeopoa kitumbua kwenye mafuta. Upande wa mbele ilikuwa bado imesimama, nyeupe na ngumu. Upande wa nyuma mende walikuwa wameshakula, kitambaa kimebaki nyavu. "Wanga huo," akasema. "Tulikuwa tunaupika wenyewe, wa muhogo. Unachovya kofia, unaibandika kwenye kioo cha dirisha, asubuhi unaibandua imenyooka kama karatasi. Sista inchaji akiona mkunjo, unarudi bwenini."

Nikayaandika maneno hayo nyuma ya bahasha ya dawa, maana sikuwa nimebeba hata daftari. Tangu siku ile natembea nalo. Haya yafuatayo ni niliyojifunza, mengine kwa kuharibu, katika kutunza mkusanyo mdogo wa vifaa vya uuguzi kwenye chumba kilichokuwa stoo ya chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Nawaandikia wenye vyuo, wenye zahanati zenye makabati yasiyofunguliwa miaka mingi, na watoto wa manesi waliobaki na masanduku ya mama zao.

Anza na kaunta buku

Wengi huanzia kwa fundi wa Keko: kabati la kioo, kufuli, taa ndani. Linapendeza siku ya ufunguzi. Mwaka unaofuata limejaa vitu visivyo na maelezo, na aliyevileta kahamia Dodoma.

Nunua kaunta buku ya kwaya tatu, jalada gumu. Piga mistari ya safu hizi: namba, tarehe kilipopokelewa, kitu ni nini, kimetoka kwa nani, kilitumika wapi na miaka gani, hali yake siku ya kupokelewa, na kinakaa wapi sasa. Safu ya "kilitumika wapi" ifanye pana kuliko zote. Humu andika kwa wino mweusi. Penseli ni ya kuandikia kwenye vitu vyenyewe.

Namba iwe na sehemu tatu. Mfano 2025.4.2: mwaka, zawadi ya nne mwaka huo, kitu cha pili katika zawadi hiyo. Namba ikishatolewa imetolewa. Kitu kikipotea au kikivunjika, andika hivyo kwenye mstari wake, usikipe kingine namba ile.

Chagua kipande chako

Historia ya uuguzi ya jiji hili ni ndefu, na stoo ni ndogo. Kule ufukweni, barabara ambayo sasa inaitwa Barack Obama, Wajerumani walijenga hospitali ya Ocean Road mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu. Robert Koch alifanyia kazi Dar es Salaam miaka ileile akichunguza malaria, na ndiyo maana jina lake linatajwa kila anayeeleza habari za jengo lile. Waafrika na Waasia walikuwa na hospitali yao, iliyotokana na fedha za Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyefariki 1897. Mwaka 1956 ikafunguliwa hospitali mpya iliyoitwa Princess Margaret, ambayo baada ya Uhuru tukaijua kwa jina la Muhimbili, na ukienda leo ukaelekezwa "nenda Sewahaji", unatumwa kwenye jengo lenye jina la yule mfanyabiashara.

Angalia majina yaliyomo kwenye habari hiyo: daktari, tajiri, binti wa mfalme. Aliyekesha na mgonjwa hayumo. Ukisoma makaratasi ya ukoloni utakutana na "dresa", yule aliyefunga vidonda na kugawa dawa, mara nyingi bila jina lake kamili. Hata waliopata majina makubwa, uuguzi wao husahaulika: Lucy Lameck anakumbukwa kuwa mwanamke wa kwanza kushika nafasi ya uwaziri nchini, na ni wachache wanaoongeza kwamba kabla ya siasa alisomea uuguzi.

Kwa hiyo chagua kipande unachokiweza, kisha ukifuate mpaka mwisho. Sisi tulichagua leba na zamu ya usiku. Chuo kingine kinaweza kuchagua mafunzo tu: sare, madaftari, beji, picha za mahafali. Zahanati ya mtaani inaweza kushika chanjo na kliniki ya mama na mtoto. Ukishachagua utapata ujasiri wa kukataa. Tumekataa vitanda viwili vya chuma na kiti cha daktari wa meno, na sijutii.

Kabla ya kwenda mbali, tenga asubuhi moja uende Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Ile nyumba ilianzishwa 1934 kama kumbukumbu ya mfalme George wa Tano, ikafunguliwa 1940. Usiangalie vitu tu. Angalia vilivyowekwa juu ya nini, maandishi yana urefu gani, mwanga unatoka wapi. Kisha omba kuonana na wahifadhi, ueleze unachotaka kufanya.

Kumwendea mwenye kitu

Siku ya kwanza usiombe kitu. Nenda usalimie. "Shikamoo Sista" inafungua milango kuliko barua yenye mhuri. Wazee wetu hawa wameitwa Sista miaka arobaini, na wengi hakuna anayewaita hivyo tena. Nenda na mtu anayefahamika naye, beba sukari au matunda, kaa. Picha ya ukutani itaanzisha mazungumzo yenyewe. Mara ya pili au ya tatu ndipo sanduku hutolewa.

Akikubali kutoa, andikeni hati ya makabidhiano ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili: nani anatoa, nani anapokea, kitu gani, ni zawadi au ni azima ya muda gani, na kama anaruhusu jina lake na picha yake kuonyeshwa. Nakala mbili. Mwombe mtoto wake mmoja awe shahidi, kwa sababu baada ya msiba ndiye atakayekuja kuuliza vitu vya mama viko wapi. Azima ya "tutaona" usiikubali. Ama zawadi, ama azima yenye tarehe ya kurudisha.

Kitu kinachotoka hospitali au kituo cha serikali ni habari nyingine. Hata kiwe chakavu, hata kiwe kimetupwa nyuma ya wodi kwenye mvua, ni mali ya umma na hakitoki bila kibali cha maandishi. Najua inauma. Niliwahi kufika mahali siku mbili baada ya stoo kusafishwa, nikakuta vitabu vya ripoti za zamu vimeshakuwa majivu, vipande vya jalada jekundu vimebaki pembeni ya shimo. Dawa yake ni kuwahi: mwandikie mganga mfawidhi na metroni mapema, waambie mkitaka kusafisha stoo mniite. Na nyaraka za ofisi za umma zina sheria yake ya mwaka 2002. Zenye thamani ya kudumu mahali pake ni Nyaraka za Taifa, ambao wako Upanga, si kwenye kabati lako.

Rekodi sauti kitu kikiwa mkononi

Simu yako inatosha. Izime mlio, iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa isipokee mtikisiko wa meza, zima feni na redio, sema tarehe na mahali, omba ruhusa na ruhusa yenyewe irekodiwe. Kisha mpe mzee kitu mkononi.

Hilo la mkononi ndilo lililonisaidia kuliko maswali yangu yote. Nilimuuliza bibi mmoja, "Kazi ya leba ilikuwaje zamani?" Akanijibu, "Ilikuwa nzuri, tulimshukuru Mungu." Basi. Nikampa fetoskopu, ile pembe ya mbao aliyoibuni Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895, ambayo wakunga wetu wanaifahamu mpaka leo. Akaigeuza, akaiweka sikioni, akainama juu ya mto wa kochi kama tumbo la mjamzito, mikono ameiweka nyuma. "Huishiki," akasema. "Ukiishika unasikia vidole vyako." Halafu akanyamaza, anahesabu kichwani. Kuanzia hapo alizungumza saa nzima: umeme ukikatika walimulika na nini, nani alikuwa anawahi maji, mama aliyejifungulia kwenye ngazi.

Uliza yanayohusu mikono. Bomba la sindano la kioo lilichemshwa kwenye nini, dakika ngapi, nani alihesabu? Sindano ikibutuka ilinolewa kwenye jiwe gani? Saa ya kifuani kwa nini ilining'inizwa kichwa chini? (Ili mvaaji aisome akiinamisha macho, mikono ikiwa kwenye mshipa wa mgonjwa.) Mshahara wa kwanza ulinunua nini? Acha kimya kiwepo. Usirukie swali lingine.

Akitaja mgonjwa kwa jina, liondoe kwenye nakala itakayosikilizwa na watu.

Kabla ya kuingiza ndani

Vitu vinne visiingie bila kuangaliwa.

Sindano na nyembe: glavu, na zisizo na maana kubwa zipeleke kwenye sefti boksi, lile boksi gumu la kutupia vyenye ncha kali, kama kawaida. Chupa zenye dawa ndani: mfamasia aziangalie kwanza, mara nyingi kinachotakiwa ni chupa na lebo yake, si dawa.

Zebaki ndiyo mbaya. Vipimajoto na mashine za presha za zamani zina zebaki, na mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa kuvitengeneza, kuviingiza na kuvipeleka nchi nyingine. Ushauri wangu: piga picha, andika habari zake, kitu chenyewe usikipokee. Kama tayari unacho, kifunge kwenye mfuko ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko. Kikivunjika, toa watu, fungua madirisha, usifagie wala usitumie mashine ya kuvuta vumbi. Kusanya matone kwa vipande viwili vya karatasi ngumu, yatie kwenye chupa yenye maji kidogo, funga sana, mwite afisa afya.

La nne ni majina. Kadi ya kliniki, rejesta ya leba, kitabu cha MTUHA (kile cha kumbukumbu za huduma za kituo), vyote vina habari za watu ambao wengine ni majirani zako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, lakini hata isingekuwepo sisi manesi tulishaapa. Rejesta ionyeshwe ikiwa imefungwa, au kwa ukurasa usio na majina.

Sahau ndoo ya klorini

Hapa ndipo muuguzi anakuwa hatari kuliko mende. Tumefundishwa hivi: kifaa kichafu, ndoo ya klorini asilimia 0.5, dakika kumi, kisha sabuni, kisha maji safi. Mkono unakwenda wenyewe. Mimi nilitumbukiza mkasi na bizimu la mkanda wa nesi, simu ikaita, nikasahau. Kesho yake mkasi ulikuwa na kutu ya rangi ya chungwa mpaka kwenye msumari wake, na ule mng'aro wa bizimu ulikuwa umebabuka vipande vipande. Bizimu lile lilikuwa limekaa salama kwenye droo kwa zaidi ya miaka thelathini. Bado ninalo, namba yake iko kwenye daftari, na safu ya "hali yake" nimeandika ukweli.

Vya chuma na enameli: brashi laini kavu, kisha kitambaa cha pamba kilichokamuliwa sana, kisha kavu papo hapo. Kutu nyepesi iache. Steel wool hapana, limau na majivu hapana. Shika kwa glavu zisizo na unga, kwa sababu jasho la Dar es Salaam lina chumvi kama bahari yake. Beji za fedha usizifunge kwa mpira. Mpira unaiunguza fedha kuwa nyeusi, na kwa joto letu huyeyuka na kuganda juu yake.

Vya kitambaa: usifue haraka. Vua pini zote za chuma kwanza. Dhidi ya wadudu, dawa za kupulizia zinaacha madoa; friza ni bora. Funga nguo kwenye mfuko wa plastiki, ziba kwa gundi ya karatasi, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Friza ya jirani anayeuza barafu inafaa. Umeme ukikatika barafu ikayeyuka, hesabu upya. Ukitoa, usifungue mfuko mpaka siku nzima ipite, la sivyo jasho la nje litaloanisha nguo. Mbao zilizopakwa rangi na picha za kioo zisiingie humo.

Na ile kofia ya Temeke? Wanga ndio uliowaita mende, na wanga huohuo ndio uliokuwa kofia. Ukiifua inabaki leso. Niliamua ibaki na wanga wake: friza wiki mbili, kisha boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, ndani nimejaza donge la amerikani ili isilale. Amerikani ndicho kitambaa cha kununua Kariakoo kwa kazi hii yote, ile nyeupe-mchanga isiyotiwa rangi. Ifue mara mbili kwa maji ya moto matupu, bila wanga wala manukato ya nguo. Inafungia, inafunika vumbi, inajazia mikono ya magauni.

Vya karatasi: toa klipsi na pini, taratibu. Selotepu ya zamani iache ilivyo. Na nakuomba sana, vyeti usivipeleke steshenari kulaminishwa. Kila nyumba ninayoingia nakuta cheti cha ukunga kimelaminishwa "kisiharibike", gundi imeshageuka njano na wino umepotelea ndani yake, wala hakuna namna ya kukitoa. Kiskani nukta 300 kwa inchi, picha 600, kisha kilaze kwenye bahasha ya karatasi nyeupe ndani ya boksi, bila kukunja.

Unyevu

Nunua kipima unyevu kidogo, kiache chumbani, andika kinasema nini asubuhi na jioni. Ukungu huanza kupata nguvu unyevu ukipita asilimia 65, na jiji hili wakati wa masika liko juu ya hapo kila siku, kwa hiyo usijidanganye kwamba utaushinda. Kazi yako ni kufanya hewa itembee. Rafu ziwe na nafasi kutoka ukutani, chini ziinuliwe sentimita 15 angalau kutoka sakafuni, feni iwe inazunguka, boksi zisishonane. Vifuko vile vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya vikusanye, viweke kwenye maboksi yanayobana. Kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa saa kumi jioni ni bora kisiwepo, maana kitu kilichopoa hutoka jasho usiku hewa ya joto ikirudi.

Mara moja kwa mwezi fungua kila boksi. Baada ya mvua kubwa, fungua siku ileile.

Namba na picha

Hii ni fupi. Nguo: shonea kipande cha utepe wa pamba chenye namba. Karatasi na picha: penseli laini, nyuma, pembeni. Vifaa: kikaratasi kilichofungwa kwa uzi wa pamba. Usigundishe stika. Piga picha kila kitu juu ya shuka jeupe karibu na dirisha, rula pembeni, namba ionekane.

Kuonyesha

Vitu kumi na viwili vinatosha. Maandishi yasizidi maneno hamsini kwa kitu, yaanze na mtu. Tuliandika kwanza: "Fetoskopu. Mbao. Hutumika kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto." Watu walipita. Tukabadilisha: "Usiishike. Ukiishika unasikia vidole vyako. Ndivyo mkunga mmoja wa Temeke alivyowafundisha wanafunzi wake." Sasa wanasimama, na wengine wanainama.

Siku ya kufungua chagua 12 Mei, siku ya wauguzi, ambayo ni siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820. Mishumaa itawashwa na kiapo kitasomwa, kama kila mwaka. Tumia nafasi hiyo kurekebisha jambo moja: kwenye kadi na mabango yetu Nightingale huchorwa ameshika taa ya mdomo mrefu, kama ya hadithi za majini. Taa ya aina aliyobeba kwenye vita vya Crimea iko kwenye makumbusho yake London, na ni fanusi ya Kituruki ya kukunja. Fanusi, neno ambalo bibi zetu wa pwani hawahitaji kutafsiriwa. Kama unayo fanusi ya zamu ya usiku kwenye mkusanyo wako, hata ile taa ya chemli, iweke hapo mlangoni.

Ufunguo

Watu wawili wawe na ufunguo, na cheo kiandikwe, si jina tu, kwa sababu watu huhamishwa. Kaunta buku ipigwe picha ukurasa kwa ukurasa kila mwisho wa mwezi. Nakala za picha na sauti ziwe tatu: kompyuta ya ofisi, diski ya nje, na moja nje ya jengo. Ya kwetu ya tatu iko nyumbani kwa mtunza fedha, Tabata, kwenye bati la biskuti.

Mwisho wa rafu yetu kuna kitu namba 2023.6.1: kijibati cha enameli, mfuniko wenye tundu mbili, mpini mfupi. Kilikuja na vitu vingine, aliyekileta hakukijua. Tumekiweka wazi na karatasi na penseli pembeni: "Unakifahamu? Tuandikie." Mpaka sasa tuna majibu matano, yote tofauti, na mzee mmoja aliyeahidi kumleta dada yake Jumapili.